Maram Anakusalimu

Mabela, Maskat
2 Mei

Mwanangu Hatem,

Assalamu alaykum. Wewe hujambo? Maram hajambo na tumbo lake? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi, mengine utayasoma hapa chini. Nnakuandikia kwenye barua pepe ya kazini kwako kwa sababu simu yako mkeo Maram huishika, na haya si ya kusomwa na yeye.

Baba yenu Saeed ametutoka. Jana alfajiri, baada ya kusali. Tangu ule ugonjwa wa kupooza ulimi wake ulikuwa mzito, lakini juzi alikula vizuri, akamtania Nakimuli, yule msichana wetu wa Uganda, kwamba chai yake ukiichungulia unaona kitako cha kikombe. Tulimzika adhuhuri hapa hapa Mabela. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mwanangu, Maram asijue. Nnajua utashangaa, maana ni mimi niliyekusumbueni tangu Januari kwamba aje azalie kwangu. Mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama, ndivyo tulivyo, na tiketi ya mwezi wa sita mnayo. Lakini sasa akija atakuta nini? Atanikuta mimi nimo ndani ya eda, na kochi la baba yake tupu. Mimi mimba yangu ya kwanza, kabla yake yeye, iliharibika siku niliyopigiwa simu kutoka Unguja kwamba baba yangu kafariki. Ilikuwa ya miezi saba. Alikuwa mwanamume, nilimwona. Sitaki Maram aone nilichokiona mimi.

Basi mzuie. Mwambie kazi zako hazijaisha, ajifungue huko huko kwanza. Jamaa wote nimewakanya. Akimuuliza baba yake, majibu ni haya: amelala, daktari kamkataza kusema, simu yake imeingia maji. Usiongeze lako, tusije tukapishana.

Mama yako,
Balqis

---

Japani
5 Mei

Mama yangu,

Wa alaykum salaam. Nakuamkia kwa heshima, na pole, pole sana. Nilifunga mlango wa ofisi nikalia mpaka mwenzangu akanigongea. Baba alinipa binti yake akijua nitampeleka mbali, na hakuniwekea sharti hata moja. Mungu amrehemu.

Nitafanya unavyotaka. Ila lipo jambo ambalo Maram naye amenikataza nisikwambie. Ardhi ya hapa inatetemeka tangu Machi. Nchi hii visiwa vyake vimekaa mahali ambapo sakafu ya bahari inajisukuma chini ya nchi kavu, kwa hiyo kutetemeka si ajabu, watu hawaachi hata kula. Lakini matetemeko haya yako chini ya mji wetu huu mdogo wenyewe, na hayana kina kirefu. Kuna siku yanafika mia. Mengi ni mitambo yangu ya kupimia tu inayoyasikia. Mengine yanagonga vikombe kabatini. Maram analala na viatu kando ya godoro, na nyumba tuliyopanga ni ya mbao, ya zamani, paa lake vigae vizito vya kubeba theluji.

Kwa kawaida tetemeko kubwa hutangulia, kisha madogo yakalifuata, yanapungua kila siku, ukiyachora unapata mstari unaoshuka. Haya yetu hayana mkubwa wao. Yanakuja kundi zima, na hakuna mtu hapa anayeweza kusema yanakwenda wapi. Wiki hii mstari wangu umeanza kushuka, alhamdulillahi. Lakini ukiniuliza mimi, Mama, ningependa aje kwako.

Maram anakusalimu. Anasema umwekee achari ya maembe.

Mwanao,
Hatem

---

Mabela
12 Mei

Mwanangu Hatem,

Assalamu alaykum. Khabari za kazi, khabari za mgonjwa wetu wa achari? Sisi tupo. Wageni wa matanga wamepungua, sasa nyumba inasikika.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umesema mstari unashuka. Basi nnaushika huo. Wewe ndiye msomi wa mambo hayo, serikali mbili zimekulipia uyasome, na mimi sijui ila mambo ya nyumbani kwangu. Ardhi ikitulia na yeye akitulia, atazaa salama, kisha nitamwambia mwenyewe, nimemshika mkono.

Juzi alipiga simu ya video. Nakimuli akaipokea kabla yangu, akamwambia, "Baba amelala, dada." Alisema vizuri kabisa, hata mimi karibu nigeuke nitazame chumbani. Kisha akaenda jikoni, akafungua bomba la maji asisikike.

Nnakuletea sauti ya baba yake. Nimeitafuta sana kwenye simu ya marehemu. Nilitaka iwe ambayo hajawahi kuisikia, na isiwe na dalili ya msimu wowote. Hii alijirekodi kwa makosa mwaka jana, kabla ya kupooza, anasema tu, "Maram, unakula? Kula, mwanangu." Msikilizishe ukiona amezidi kuuliza.

Dada yangu kanipitia soko la Matrah, kaninunulia khanga nyepesi za kumbebea mtoto. Mimi siwezi kutoka. Nimeziweka chumbani kwake.

Mama yako,
Balqis

---

Japani
20 Mei

Mama yangu,

Wa alaykum salaam. Natumaini usingizi unakuja sasa. Sisi wazima.

Tiketi nimeifuta. Nilimwambia kuna ripoti ya serikali na siwezi kuiacha. Hakubishana. Alikwenda kulitoa lile sanduku alilokuwa ameshalipanga, akarudisha nguo moja moja, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Jioni nikamsikilizisha sauti ya baba. Aliomba aisikie tena na tena. Akasema, "Sauti yake imekuwa nzuri, ulimi umefunguka." Nikasema ndiyo.

Sijawahi kumwongopea mke wangu, Mama. Nagundua kwamba ninaweza, na sipendi kujua hivyo.

Mstari bado unashuka. Kila asubuhi nauangalia kabla ya chai. Ukweli ni kwamba kushuka hakumaanishi kwisha, kundi kama hili linaweza kulala wiki nzima kisha likaamka, lakini sina cha kumwonyesha mtu isipokuwa hicho.

Maram anakusalimu. Mtoto anapiga mateke hasa ardhi ikitikisika, anasema huyu amezoea kabla hajazaliwa.

Mwanao,
Hatem

---

Japani
8 Juni

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Nimekaa kimya, nisamehe. Hujambo?

Jana mchana lilikuja kubwa kuliko yote ya tangu Machi. Ukuta wa jikoni umepasuka, kabati limelala chini. Maram alikuwa uani anaanika nguo, ndiyo salama yake. Mstari umevunjika. Umepanda kwa usiku mmoja kupita ulikoanzia, na matetemeko yamesogea yanakuja juu zaidi. Wakubwa wangu wamegawanyika. Wapo wanaosema hilo la jana ndilo lililokuwa linasubiriwa, sasa yatapungua. Wapo wanaonyamaza. Mimi nimo katika wanaonyamaza.

Kuna ndege Jumatano. Daktari yuko tayari kumwandikia ruhusa, lakini tukichelewa zaidi shirika halitamchukua tena kwa ukubwa wa mimba. Nilitaka kumpeleka mji mwingine wa hapa, amekataa, anasema akiondoka hapa anakwenda kwa mama yake tu. Naomba, Mama. Nipe ruhusa nimweleze kwa upole tukiwa njiani. Naogopa kumwambia, lakini paa hili naliogopa zaidi.

Maram anakusalimu, na anauliza mbona siku hizi husemi naye mpaka yeye apige.

Mwanao,
Hatem

---

Mabela
9 Juni

Mwanangu Hatem,

Assalamu alaykum. Nimetetemeka mimi badala ya ardhi. Mshukuru Mungu kwa kuanika nguo.

Aje. Nimekubali. Lakini si Jumatano. Jumatano na Alkhamisi ndiyo hitima ya arubaini ya marehemu. Jamaa zake wanatoka Unguja, wengine wameshafika, wanalala mpaka barazani. Akishuka ndege siku hiyo ataingia nyumba imejaa misahafu na wanawake wanalia, hata mlango hajaufikia keshajua. Kumwambia njiani sitaki. Ukimwambia kwenye ndege na likamfika la kumfika, nani atampokea huko angani?

Nipe wiki moja tu. Watu waondoke, nipange upya sebule, nikae naye peke yangu. Mwambie daktari aandike ya wiki ijayo. Akikataa, muombe. Mimba yangu mimi hakuna aliyeiombea wiki moja.

Mama yako,
Balqis

---

Japani
9 Juni

Mama,

Wa alaykum salaam. Sawa. Nimemuomba daktari, ameandika, ingawa kwa shingo upande. Ndege ni Jumatano ya tarehe 18. Nimemwambia Maram anakwenda nyumbani, ameanza tena kupanga sanduku.

Anakusalimu sana.

Hatem

---

Mabela
15 Juni

Hatem,

Tumeona kwenye televisheni. Wametaja mkoa wenu. Wameonyesha mapaa yamekaa chini na kuta hazipo. Simu zenu zote mbili haziingii tangu jana. Nimepiga ubalozi, wamenichukua majina. Nakimuli hatoki mbele ya televisheni, naye hajui kusoma hayo maandishi yao, anatazama tu nguo za watu.

Niandikie. Neno moja linanitosha.

Mama

---

Japani
17 Juni

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Tuko salama, alhamdulillahi, usiwe na wasiwasi. Mtandao umerudi leo tu. Nyumba imeanguka lakini mali si kitu.

Maram amelala. Daktari kamkataza kusema kwa sababu ya mshtuko. Simu yake imeingia maji, ndiyo maana humpati. Akipata nguvu atakupigia. Nimekuwekea hapa sauti yake usikie mwenyewe.

Maram anakusalimu sana.

Mwanao,
Hatem

---

Mabela
18 Juni

Mwanangu Hatem,

Wa alaykum salaam. Leo ndiyo Jumatano ya ndege. Nimekaa chumbani kwake tangu asubuhi.

Amelala. Daktari kamkataza kusema. Simu imeingia maji. Mwanangu, maneno hayo ni yangu, nilikupa mimi, na kwa mpangilio huo huo. Na hiyo sauti, "Mama, sisi wazima, usiwe na mawazo, nakunywa chai hapa nipate joto," hiyo aliniletea mwenyewe Januari. Ninayo. Huisikiliza kila siku nikimaliza kusali, nnajua pale anapovuta pumzi na pale anapopuliza chai. Ulipoitafuta kwenye simu yake hukutazama alimpelekea nani. Mimi ningetazama.

Sikulaumu. Umenifanyia nilivyokufundisha, umeniona nimo edani, mtu mzima, peke yangu, ukaogopa moyo wangu usije ukasimama. Mimi niliogopa moyo wake. Niliomba wiki moja, Hatem. Niliomba wiki moja kwa ajili ya misahafu na wageni, na wewe uliniambia paa.

Sasa nisikilize. Usiniandikie lile neno. Siwezi kulisoma. Niandikie barua ya kawaida tu, ya mkwe kwa mama yake. Kama yupo, hata akiwa amevunjika mifupa yote, nitilie salamu zake kama unavyonitilia siku zote. Kama hayupo, usizitie.

Khanga bado ziko juu ya kitanda. Nakimuli aliniuliza azitoe, nikamwambia asiziguse mpaka ije barua yako.

Mama yako,
Balqis

---

Japani
22 Juni

Mama yangu,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima. Tunalala kwenye ukumbi wa shule pamoja na majirani, sakafuni, na chakula kinaletwa mara tatu. Kuna bibi mmoja wa Kijapani hunisogezea supu yake mpaka niinywe.

Ardhi bado inatetemeka, lakini sasa inafuata kanuni. Siku ya kwanza mengi mno, siku ya pili nusu yake, ya tatu theluthi, yanapungua vile vile vitabu vinavyosema. Mstari, wananiambia, unashuka vizuri, hauna kasoro. Wenzangu wamenitumia. Sikuufungua.

Mji wa pili kutoka hapa kuna msikiti mdogo wenye makaburi yake. Ni Wapakistani na Waindonesia, watu wema. Wanawake wao walifanya kila kitu kwa taratibu zetu, hawakuharakisha. Nilikuwepo. Waliuliza kama mtoto abaki na mama yake, nikasema abaki naye.

Kula, Mama. Mwambie Nakimuli akupikie uji.

Nakusalimu mimi.

Mwanao,
Hatem