Siku ya Mazishi Nilimwita na Majirani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza nikukaripie. Juzi ulimwambia yule mama wa Pearland kwamba siri za wazee ziachwe zife na wazee. Ulikosea. Mimi darasa la nne sikumaliza na kosa nimeliona.

Mwaka jana nilimzika kaka yangu Elimringi kule Grand Prairie, na kaka aliishi na mwanaume mwenzake, Wilbroad, miaka ishirini na sita, nyumba moja kitanda kimoja, sote tulijua na sote tukasema ni mpangaji, na huyo Wilbroad ndiye aliyemwogesha na kumlisha hadi pumzi ya mwisho, mimi niko huku nalea wajukuu, lakini wasifu wa marehemu nikautunga mimi, nikasema hakuacha mtu, na ilipofika kuweka mashada Wilbroad nikamwita kwenye zamu ya majirani, si ya familia, akaja, akaweka lake, akarudi nyuma.

Sasa kuna kikundi cha maigizo hapa jirani Houston, wazee waliopenda watu wa jinsia yao wanasimama kusimulia maisha yao wenyewe, na Wilbroad, aliyehamia huku baada ya msiba, yumo. Nilienda nimejikaza nikingoja kusemwa. Hakunisema. Alisema, "Dada mtu kila Krismasi alikuja kunipikia mtori wa ndizi, huku ananigombeza nimekonda." Watu wakacheka, mimi nikalia, nikatoka kabla taa hazijawaka. Namshukuru mtu huyu hadi nakosa usingizi. Jumamosi ni onyesho la mwisho, nataka nisimame niseme alikuwa familia. Binti yangu Glory anasema, "Mama, please, watu wa kanisani watasikia, mimi ndiye nitakayeulizwa." Nifanyeje?

Bibi wa Missouri City, Aprili 2019

JIBU

Bibi, karipio nimelimeza, ni halali. Sasa pokea lako. Umetoka bila hata kumsalimia, halafu unataka kipaza sauti? Jukwaa lile ni lake, si mahali pako pa kutubia. Moyo wako ni mzuri, ila miguu yako inakimbia.

Glory mwambie watu wa kanisani wana macho, miaka yote hiyo walijua. Kipya watakachosikia ni shukrani tu.

Mpigie Wilbroad leo, kabla hujala. Mwite shemeji. Mwombe radhi kwanza, ndipo umuulize kama anakutaka jukwaani. Akikubali, simama. Akikataa, kaa kiti cha mbele umpigie makofi. Kwa vyovyote, Jumamosi hiyo mchukue nyumbani kwako akale na wajukuu, na Glory ndiye awapakulie.