Leso Zilizomtukana Mama

Mtaa wa Kibokoni,
Mombasa.
8 Agosti 1966

Mpendwa Dada Mwanatumu,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Tanga, na shemeji Zein na watoto je? Kikohozi chako kimepoa? Sisi tu wazima, na mimi nazidi kupendeza. Ukija utanipita njiani usinijue.

Najua hulali tangu usikie kaka yetu Aidarus amekamatwa. Mama alitaka mwalimu wa chuo cha Kurani ndiye akuandikie, nikamwambia mwalimu hana mwandiko kama wangu.

Alikamatwa Biashara Street, dukani kwa Bwana Najmuddin. Alizivuta leso zilizotundikwa mlangoni, akazirarua. Polisi wakasema mhuni. Tukajua ni jela, na kwa zile sauti anazozisikia, jela ingemmaliza.

Kortini hakimu akamwuliza sababu. Akajibu kwa adabu kabisa, "Zilikuwa zikimtukana mama."

Leso moja ikaletwa. Hakimu akauliza nani atayasoma maandishi yake. Nikasimama kabla ya kuitwa, wanijua, nikasoma kwa sauti ya khatibu. Kumbe ni maneno ya kumpongeza bi arusi, basi. Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliweka kalamu, akamtazama kaka kitambo, akaamuru apimwe na daktari kabla ya lolote. Bwana Najmuddin naye akasema hataki mtu afungwe kwa maradhi.

Daktari akathibitisha kuwa ni ugonjwa wa akili, na badala ya jela kaka akapelekwa hospitali. Anakula sasa, analala. Dawa zamtetemesha mikono kidogo, lakini sauti zile asema zimekwenda mbali, kama redio ya jirani.

Ijumaa tulipokwenda kumtazama, daktari alisema aweza kurudi nyumbani akipatikana jamaa wa kumsimamia, anywe dawa na kurudi kupimwa. Mama na magoti yake hawezi safari zile. Nikajitolea mimi. Daktari akanitazama toka kofia hadi makubadhi.

Kaka, ambaye tangu augue hajamtania mtu, akauliza taratibu, "Na huyu atasimamiwa na nani?"

Mama alicheka mpaka akalia, Dada. Jumamosi hii twaenda kumchukua.

Msalimie sana shemeji Zein, na Sheikha mdogo umbusu mashavu yote mawili. Mama akuombea dua kila baada ya sala. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake, na hicho kikohozi akiondoe.

Nduguyo akupendaye, hata ukininunia,
Kamaludin