Picha ya Goti la Kulia

Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mko salama hapo nyumbani na kwamba kile kifua chako kimepoa. Mimi ni mzima, ukiniangalia kuanzia kiunoni kwenda juu.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu nitakwambia mambo safi, nicheke, tuagane. Mkono wangu haujui kucheka, kwa hiyo huenda ukasema ukweli.

Mkataba wangu uliisha mwezi uliopita. Nimekuwa mchezaji huru nikiwa na miaka thelathini na saba, dada. Mji mzima unajadili kama ninastahili mkataba mwingine mkubwa. Jana nilikuwa kwa kinyozi, povu limenijaa mashavuni, wawili nyuma yangu wakabishana juu yangu, kwa jina langu la uwanjani, bila kujua ni mimi. Mmoja akasema, "Ngazi katuletea vikombe vinne vya mpira wa kikapu, mpeni anachotaka." Mwenzake akajibu, "Vikombe havirukii mpira. Yule mzee siku hizi akiruka, unaweza kupitisha gazeti chini ya viatu vyake, na gazeti lenyewe liwe limekunjuliwa." Kinyozi alinitazama kwenye kioo. Nikajifanya nimesinzia.

Sasa klabu imeniwekea mezani miaka mitatu. Hakuna mchezaji aliyewahi kupewa mkataba kama huo hapa. Kilichobaki ni daktari wa timu kutia sahihi, naye anataka picha mpya ya eksirei ya goti la kulia. Mashine ya huku imeharibika, akaniambia nikapige hospitali yoyote ya serikali. Nikasema dada yangu ni mpiga picha wa eksirei. Akafurahi. "Hapo nitakuwa na amani," alisema.

Nitakuja Alhamisi. Kuna jambo nitakuomba nikifika. Naona haya hata kuliandika.

Mdogo wako


Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kimepoa. Hapa wote wazima, na jirani bado anasimulia jinsi ulivyoinama kupita mlangoni.

Usinishukuru tena. Nimepata ujumbe wako wa simu mara tatu na kila mara nimeufuta.

Nataka angalau mara moja jambo hili liandikwe kama lilivyokuwa. Nilikupiga picha Alhamisi saa nne asubuhi. Kati ya mifupa ya goti lako, pale panapotakiwa kuwa na nafasi, hapana nafasi. Mfupa umekalia mfupa. Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa, na magoti ya namna hiyo huwa nayaona kwa wanawake wa miaka sabini wanaokuja na mkongojo. Ulisimama nyuma yangu ukatazama kioo cha mashine, halafu ukasema kwa sauti ya utotoni, "Dada, ile picha ya miaka sita iliyopita bado unayo?"

Nilikuwa nayo. Niliifungua, nikaandika tarehe ya Alhamisi hiyo, nikaitoa, nikagonga mhuri. Haikuchukua hata dakika tano. Chai iliyomwagika huchukua muda mrefu zaidi kuifuta.

Mgonjwa aliyefuata alikuwa mama mmoja aliyevunjika kifundo. Akaniambia, "Mwanangu, umeniuliza jina mara tatu, umekula?" Nikamwambia sijala. Nikamdanganya na yeye.

Nilikulea, nilikufunga kamba za viatu mpaka ukanipita urefu, na sikuweza kukuambia hapana. Hilo ni kosa langu. Lakini cheza kidogo, omba kupumzishwa, usijitie ujana. Na niandikie.

Dada yako


Tarehe 12 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole na kazi. Natumaini hali ya hewa ya huko inakusaidia kupumua.

Nimetia sahihi. Uliona gazetini? Walinivalisha jezi mpya, wakanisimamisha katikati ya taa kama samani dukani. Mwandishi mmoja akauliza, "Unadhani unastahili?" Nikamjibu, "Uwanja utajibu." Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nilishangaa jinsi ulimi wangu ulivyo mwepesi kuliko miguu.

Daktari aliishika ile picha akaiinua dirishani, miwani kwenye paji la uso. Ni mzee wa taratibu, amekuwa na klabu miaka ishirini na miwili, ndiye aliyenitibu kidole nilipokuwa mgeni hapa. Aliniambia nichuchumae. Nikachuchumaa mara tano bila kukunja uso, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimedungwa sindano ya kutuliza maumivu mtaa wa pili, kwa mtu asiyenijua. Akasema, "Goti hili wamekuazima vijana." Akatia sahihi. Akanipigapiga begani. Nilitamani mkono wake uondoke upesi.

Kuna jingine. Mkataba wangu umekula fungu la fedha la timu, ikabidi mtu mmoja aondoke. Wamemwacha Kishoka. Miaka tisa yule bwana mfupi amenipa pasi, nusu ya pointi zangu ni mikono yake. Nilimkuta akitoa viatu kwenye kabati lake. Akaniambia, "Hongera, Ngazi. Kama ni kwa ajili yako, sina neno." Halafu akacheka, akanipa taulo lake jipya, eti kwao hana pa kuliweka.

Nimelikunja, limo chini kabisa ya begi. Sijalitumia.

Mdogo wako


Tarehe 28 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Hii ni barua ya pili tangu uanguke, na simu yako inaita tu. Najua u hai kwa sababu magazeti yanasema u hai. Najua hutembei vizuri kwa sababu hiyo hiyo.

Mchezo wa tatu tu. Niliusikia redioni nikiwa napiga pasi sare. Mtangazaji alisema umeruka peke yako, hakuna aliyekugusa, ukashuka ukabaki chini. Niliinua pasi nikaisimamisha, nikakaa sakafuni.

Sasa nasoma kwamba klabu imekupiga picha nyingine, na picha hiyo imeonyesha goti lililochakaa zamani. Nasoma pia kwamba kamati imekaa ikamwona daktari mzembe, ama haoni vizuri kwa uzee, ama hakuangalia kabisa. Imemwachisha kazi. Wameandika "uzembe" kwa herufi kubwa na picha yake chini, akiwa amevaa ile miwani.

Ni kweli? Nijibu hilo tu.

Kama ni kweli, basi tumemfukuza sisi. Si kamati. Ni wewe na mimi, kwa zile dakika tano.

Nenda ukaseme. Nakuomba uanze wewe, kwa sababu wewe unamwangalia usoni na mimi simjui.

Dada yako


Tarehe 9 Mei

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Nilikuwa nikianza barua, nikifika kwenye neno "shikamoo" naona kama nakudhihaki.

Ni kweli. Wamemwachisha.

Nilitaka kusema. Mara mbili nimevaa shati nikafika mpaka kwenye geti la klabu. Halafu nakufikiria wewe. Nikisema mimi, wewe ndiye unayepoteza kazi, miaka kumi na tisa, na mhuri ni wako. Mimi ni mchezaji, nikifukuzwa nimezeeka tu. Kwa hiyo nikikaa kimya nakulinda. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Lakini kuna jambo lilitokea Jumanne na siwezi kulibeba peke yangu.

Nilikwenda duka la dawa, niko kwenye foleni na magongo yangu. Mtu akanigusa kiwiko. Ni yeye. Amepungua, dada, kola ya shati imekuwa kubwa. Nilifikiri atanitukana mbele za watu, na nakuapia ningeshukuru. Badala yake akaweka kapu lake chini, akachuchumaa palepale dukani, mzee wa watu, akanishika goti kwa mikono miwili akalipapasa. Watu wakageuka kutazama. Akaniuliza, "Hapa? Na hapa?" Nikasema ndiyo. Akasema akiwa bado ameinama, "Nisamehe, kijana wangu. Nilikuwa na picha mkononi na sikuona. Kila siku naikumbuka ile picha, na bado sioni nilipokosea."

Dada, unajua nilimjibu nini?

Nilisema, "Usijali, daktari. Nimekusamehe."

Akanishukuru. Akanishika mkono akanishukuru, akaokota kapu lake.

Nilisahau kununua dawa.

Mdogo wako


Tarehe 16 Mei

Mdogo wangu,

Sina salamu ndefu leo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Ulimsamehe.

Usinifanye ngao. Sikukutuma unilinde, na hunilindi. Unajificha nyuma ya gauni langu kama ulivyokuwa ukijificha mgeni akija, tofauti ni kwamba sasa umerefuka na kichwa kinaonekana. Makosa yangu nina miguu ya kuyafikisha yanakotakiwa kufika. Yako siwezi kuyabeba, wala sitajaribu.

Dada yako


Tarehe 11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini unapumua vizuri na kwamba waliokusimamisha kazi hawakukusemea vibaya. Nimeambiwa na jirani. Hukuniambia wewe, na sina haki ya kulalamika.

Ngoja nikusimulie kilichotokea, nisijipambe.

Ijumaa niliingia ofisini kwa mwenyekiti wa klabu. Niliamka nimeamua, nikasema leo sitaishia getini. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyarudia njia nzima kama mtoto anayetumwa dukani. Nikaketi, nikaegemeza magongo, nikafungua mdomo. Mwenyekiti akaninyooshea kiganja ninyamaze. Mbele yake palikuwa na barua. Nikautambua mwandiko wako kabla sijasoma neno hata moja.

Akanisomea. "Picha niliyoitoa tarehe hiyo haikuwa ya siku hiyo. Niliandika tarehe ya uongo nikijua. Daktari wenu aliona sawasawa alichopewa. Aliyeniomba nifanye hivyo atajieleza mwenyewe."

Hukuandika jina langu. Nilitazama karatasi ile nikaona umeniachia nafasi, kama mtu anayesogea kwenye kiti mwenzake akae. Ningefika siku tano kabla, ningekuwa wa kwanza. Hata katika hili ulinitangulia.

Mwenyekiti akakunja barua. Akaniambia polepole, "Huyu mama ni dada yako, lakini hajasema ni nani aliyemwomba. Inaweza kuwa yeyote. Inaweza kuwa wakala wa wachezaji. Tutasema hospitali ilichanganya mafaili, daktari tutamwita kimyakimya, wewe utauguza goti, na msimu ujao utapunga mkono kwenye benchi. Mashabiki wanataka kukuona tu. Unanielewa?"

Nilimwelewa vizuri sana. Nitakuficha nini? Nilisikia feni ikizunguka, na nikajua kwamba nikisubiri izunguke kidogo zaidi, nitakubali.

Nikasema, "Ni mimi."

"Fikiri kwanza," alisema.

"Nimefikiri tangu Februari. Ni mimi. Nilimwomba mwenyewe, nimesimama nyuma yake."

Akavua saa yake akaiweka mezani, akaitazama badala ya kunitazama. Mkataba umefutwa. Jumatatu nilisimama mbele ya wachezaji wote, wale wadogo wameketi sakafuni na mipira mapajani, nikawaeleza. Hakuna aliyenizomea. Mmoja wao, yule ambaye huwa ananiiga ninavyofunga kamba za viatu, aliangalia viatu vyake muda wote.

Halafu nikaenda kwa daktari. Nilimkuta uani akifuma kiti cha ukili wa majani ya mkindu kilichotoboka. Hakunikaribisha kukaa, nami sikutaka. Nikamwambia yote, na ile sindano ya mtaa wa pili, na nilivyomsamehe.

Aliendelea kufuma mpaka akamaliza mstari. Kisha akasema, "Kwa hiyo picha ilikuwa nzuri."

"Ilikuwa nzuri, daktari."

"Mke wangu amenipeleka kupimwa macho mara mbili," alisema. "Nimekuwa nikiwakwepa wajukuu nisiwasomee vitabu, nikidhani sioni."

Akaniuliza, "Ungeniletea picha ya kweli ya lile goti, unadhani ningefanya nini?"

Nikasema, "Ungekataa kutia sahihi."

"Miaka mitatu ningekataa. Kisha ningeingia kwenye kamati nikakupigania. Mwaka mmoja, dakika kumi kila mchezo, hakuna mazoezi ya kuruka, unawafundisha wadogo mahali pa kusimama. Ulistahili hicho. Mimi mwenyewe ningekusimamia mpaka wanichoke." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hukuniuliza."

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisikia. Hakusema zaidi. Klabu imemwita arudi, naye kawaambia wamwache kwanza amalize kiti.

Dada, mwezi huu nimeona aibu za kila namna. Kuna ile ya kuogopa kujulikana, imeisha, na ilikuwa nyepesi. Iliyobaki ni hii: kulikuwa na mtu aliyekuwa tayari kunipa kilicho haki yangu, nami nikampita nikaenda kuiba zaidi, na nikakuita wewe unishikie mlango.

Kishoka nimemwandikia pia. Amepata timu ndogo mji mwingine. Hajajibu.

Nimesikia baraza la hospitali litakusikiliza tarehe 18, saa tatu asubuhi. Sikuombi ruhusa ya kukutetea, najua utanifukuza. Nitafika mapema niketi kwenye benchi la nje ya chumba cha baraza. Ukipita bila kunisalimia nitaelewa. Lakini wakifungua mlango wakauliza kama kuna mwingine mwenye la kusema, nitasimama, kwa goti hili hili, niwaambie mimi ndiye niliyeomba.

Mdogo wako