Tulipaka Mafuta ya Maombi Chini ya Mashua ya Mume Wangu

Mama Henriette mpendwa,

Naomba unisikilize mpaka mwisho, na kama ni kunigombeza unigombeze, lakini unipe jibu kabla ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Mimi ni mama wa watoto wanne hapa Likasi, asubuhi nauza mikate ya kukaanga mbele ya nyumba, na mume wangu Gracien alikuwa fundi wa mashine kiwandani miaka ishirini na sita mpaka kazi ilipoisha, na watu walipodhani atakaa kwenye kiti kama wenzake wanavyokaa, yeye akaanza kujenga mashua uani. Mashua ya mbao, bwato kama tunavyosema huku, ya mita sita, kwa sababu alizaliwa kando ya ziwa Tshangalele, na mdogo wake Arsène bado anavua huko, na wanataka kuvua pamoja kabla hawajazeeka. Majirani wakipita wanamwita Papa Noé, yaani Nuhu wa safina, wanamuuliza mvua kubwa itaanza lini, naye anacheka nao huku anaendelea na randa yake.

Mama, ungeiona kazi hiyo. Sasa ameipindua chini juu ili amalizie kitako chake, sehemu ile inayolala ndani ya maji, na hapo ndipo nilipojua nimeolewa na mtu wa namna gani. Kila ubao ameupiga randa, kisha msasa mnene, kisha msasa laini, wiki tatu nzima, anafumba macho na kupitisha kiganja polepole kutoka mbele mpaka nyuma, na kiganja kikikwama mahali ambapo mimi sioni kitu chochote, anarudi kusugua tena. Ubao mmoja aliutoa mzima, umeshapigiliwa misumari, kwa sababu ya kifundo kimoja kidogo kama kifungo cha shati, eti baada ya miaka mitano kitaanguka. Asubuhi jua likiwa bado chini anaingia kulala chini yake aone kama kuna mwanga unaopita kwenye viungo, na kila unapopita anaziba kwa pamba aliyoisokota mwenyewe, anaigonga kwa nyundo ndogo tok tok tok, na sauti hiyo ikinyamaza watoto wanauliza papa amekwenda wapi. Nilishika mbao zile siku moja akiwa chooni, nikasikia kama nimeshika shavu la mtoto, nikatoa mkono haraka kama mwizi.

Alikuwa ametukataza sote kuigusa, na mimi zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Aliniambia, “Albertine, ata nguo usianike apa. Ata mukono wa mafuta ya mikate usitie.” Nikakubali. Kisha akaenda Lubumbashi siku nne kutafuta mastiki ya kufunika ile pamba na rangi nyeusi ya lami ya kupaka juu yake, na wiki hiyo kikundi chetu cha maombi kilikuwa kinakutana kwangu, na dada Hadassa anayetuongoza akaiona mashua akasema kitu kinachokwenda kwenye maji bila upako ni hatari, na mimi kwa kweli naliogopa ziwa, sikuzaliwa huko kama Gracien, yeye akitaja ziwa anaona samaki na mama yake na utoto wake, mimi naona maji tu, basi nikasema ndiyo, tuombe. Tulianza na kichupa cha mafuta ya zeituni. Kikaisha hata nusu hatujafika. Hadassa akasema, “Mungu haangalie marke ya mafuta, dada, leta ata ile ya mikate,” na ni mimi mwenyewe, Mama Henriette, niliyekwenda jikoni nikaleta bidoni la mafuta ya kukaangia, na wamama tisa tukapaka mbele mpaka nyuma huku tunaimba, mbao zikanywa kama zilikuwa na kiu, na sitakudanganya, nilikuwa na furaha.

Gracien aliporudi akasimama mbele ya mashua kabla hata hajaweka mzigo chini. Mbao zimekuwa nyeusi. Akauliza, “Iyi ni nini?” na mdomo wangu ukajibu kabla sijaufunga, “Ni mvula, bashi ilifunguka kidogo,” nikimaanisha turubai. Akajilaumu mwenyewe, akasema, “Njo makosa yangu, minye njo nilifunga mubaya.” Tangu hapo ni siku kumi na mbili, kila asubuhi anafunua turubai jua lipige, anaweka kiganja, anasikiliza, anatikisa kichwa, anafunika. Anangoja maji yakauke, na maji hayapo. Juzi amekaa juu ya kigoda na kiganja chake mbele ya uso kama anakisoma, akaniambia, “Pengine minye sijue tena mbao. Mikono imechoka, Albertine.” Nikampa chai. Nilirudi jikoni nikalia juu ya unga.

Sasa Arsène amekwisha kuagiza lori la kuipeleka mashua ziwani, amempigia kaka yake simu, “Yaya, samedi tunapaka, hatungoje tena,” yaani Jumamosi hii, na Gracien amekubali kwa sauti ya mtu aliyechoka, na mimi sijui mambo ya mashua lakini mafuta nayajua, najua kitu kikipakwa mafuta hakishiki kitu kingine, kila siku napaka sinia mafuta ili unga usishike. Nikimwambia, atajua kwamba nilimdanganya na atafukuza kikundi changu nyumbani milele, maana yeye ni Mmethodisti wa Mulungwishi, anaomba kimya kimya na macho chini. Nikinyamaza, ndugu wawili wataingia ziwani juu ya rangi isiyoshika. Na Hadassa nilipomweleza kwamba mbao hazikauki akasema, “Iyo haina maji, ni vita ya kiroho. Vendredi tunarudia na mafuta ingine,” yaani Ijumaa. Nifanye nini? Usiandike jina langu.

Mama wa mikate


Mama wa mikate,

Jina lako nimelificha nyuma ya lingine, na wengine wote katika barua yako nimewapa majina mengine pia. Lakini mashua ya mita sita iliyopinduliwa uani katikati ya Likasi nitaificha wapi? Gazeti hili linatoka Alhamisi alfajiri. Ikifika saa nne, muuza vitunguu wa mtaani kwenu atakuwa amekwisha kulisoma na kuanza kusimulia. Kwa hiyo una Alhamisi asubuhi, kabla Gracien hajatoka nje, na huna zaidi ya hapo. Ukiona ni ukatili, ujue nimefanya makusudi.

Kwanza nikutoe wasiwasi kidogo. Kupenda mtu mpaka ukaogopa maji yatamchukua si dhambi, na kumwombea ni vizuri. Mimi mwenyewe paji la uso wangu limepakwa mafuta mara nyingi. Lakini upako ni tone, mama. Ulipofika kwenye bidoni mlikuwa mmetoka kanisani mko jikoni. Na ulikuwa umekatazwa, tena kwa jina lako. Hilo la mafuta mlilifanya wamama tisa, mnaweza kugawana lawama. Ile mvua uliinyesha peke yako, na ndiyo inayomla mume wako sasa hivi, kwa sababu siku kumi na mbili anatafuta kosa mikononi mwake na halimo.

Barua yako ilipofika nilimtafuta mzee Adrien, anayejenga na kutengeneza mabwato kule Tshangalele tangu mimi niko shule, nikamsomea kwenye simu. Alicheka mpaka nikatoa simu sikioni. Halafu akauliza, “Mafuta ya kupikia? Iyo haikauke, mama. Atangoja mupaka Yesu anarudia.” Nilipofika pale kwenye ubao uliotolewa kwa ajili ya kifundo kimoja, hakucheka tena. Akaniomba nisome upya. Akasema, “Uyo muntu ni fundi wa kweli. Mwambie akuye anione, minye njo nataka kumuona.” Nimekuandikia namba yake ya simu kwenye karatasi, iko kwa mlinzi wa ofisi yetu.

Adrien anasema mbao hazijaharibika, na kazi ya wiki tatu haijapotea yote, ila itaumiza mgongo. Mnunue dawa ya kusafishia brashi za rangi, na vitambaa safi vingi, vingi kweli. Mnalowesha kitambaa, mnafuta, mnakitupa, mnachukua kingine. Ukifuta na kitambaa kile kile unayatembeza mafuta tu kutoka huku kwenda kule. Mnarudia siku mbili tatu, na kila mkiacha jua lipige mafuta mengine yatapanda juu kutoka ndani, msikate tamaa, mnafuta tena. Dawa hiyo inashika moto kirahisi, kwa hiyo siku hizo usikaange mikate pale uani, na vitambaa vilivyotumika usivirundike ndani ya nyumba. Pamba yote iliyo kwenye viungo itoke, kwa sababu imenyonya mafuta na mastiki haitaishika, na iingie pamba mpya. Kisha msasa tena, mnene na laini. Mwishoni mdondoshe matone ya maji juu ya ubao. Tone likikaa juu kama duara, mafuta bado yamo. Likiingia ndani na kuacha alama nyeusi, mko salama, na hata hapo mpake kipande kidogo kwanza, mngoje siku tatu, mkikwangue kwa ukucha. Lori la Arsène lingoje. Aliyeagiza lori anaweza kuliagiza tena.

Umeona nimesema mnafuta, mnatupa, mnarudia. Sikukosea. Utashika kitambaa na wewe, upande wa pili wa mashua, mpaka mwisho.

Huyo dada Hadassa asipite mlangoni kwako Ijumaa akiwa na chupa yoyote. Mbao zilizolowa mafuta hazikauki, hakuna vita hapo, na mtu anayeongoza wenzake katika maombi anapaswa kusema “nilikosa” kwa sauti ile ile aliyoimbia. Mwombe aje Jumamosi mikono mitupu, na wale wamama wengine saba pamoja naye, kila mmoja na kitambaa chake kutoka kwake. Tisa mlipaka, tisa mfute. Gracien akiwakatalia, ni haki yake, warudi kwao wakaombe huko. Akiwakubali, mfute kimya kimya na macho chini, kama Wamethodisti.

Sasa namna ya kumwambia. Usianze na sifa, atajua kuna kitu kinakuja nyuma. Usiite mtu wa kati. Usilie kwanza, kwa sababu ukilia yeye ataacha kukasirika ili akunyamazishe, na hasira itabaki ndani yake mpaka Krismasi. Sema hivi tu: haikuwa mvua, tulipaka mafuta, mimi ndiye niliyeleta bidoni, na nilikudanganya. Halafu unyamaze. Atakasirika. Atatoka nje, labda ataizunguka mashua mara kumi. Mwache azunguke. Mimi nadhani, lakini siwezi kukuahidi, kwamba katikati ya hasira hiyo kuna mahali atapumua, kwa sababu atakuwa amejua kwamba kile kiganja chake kilikuwa kinamwambia ukweli kila siku: ubao huu una kitu.

Na kuna jambo lililonifanya niiweke barua yako mbele ya zote za wiki hii. Nina barua mezani za wake wanaonieleza waume wao ni wavivu, ni walevi, ni waongo, nazisoma mpaka macho yananiuma. Wewe umejaza ukurasa mzima kumsifu wako, kwa maneno ambayo hata mimi nisiyejua randa na msasa yamenifanya nitamani kuja kuiona mashua hiyo. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipomwambia yeye. Sikupaona. Alipokuonyesha mkono wake akasema umechoka, ulimpa chai.

Kwa hiyo akishamaliza kuzunguka, akirudi, umwambie na hilo. Likasi nzima wanamwita Noé, na mtu mmoja tu anajua kwamba mikono ile haijachoka. Mtu huyo ni wewe, na siku zote hizi umemwacha adhani vingine. Alhamisi asubuhi, mama, kabla hajakwenda kufunua turubai.

Mama Henriette