Kifungo Cheusi

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Natumaini kifua chako kimetulia, na kwamba shemeji ameanza kuukanyagia ule mguu bila gongo. Mimi ni mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni, na hilo kwa mfuaji si ugonjwa, ni kitambulisho.

Uliniuliza kama ni kweli hospitali yetu inapunguza watu. Ni kweli, na nimechelewa kukujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Unajua jinsi serikali ilivyozidiwa na madeni. Amri ilitoka kwamba kila idara ipunguze theluthi ya mishahara. Chumba chetu cha kufulia kina watu tisa, kwa hiyo watatu walitakiwa waende nyumbani.

Dada, sijawahi kuona watu wanaokula sahani moja wakigeukana haraka vile. Wakongwe walisema waliokuja jana ndio watoke. Waliokuja jana wakasema wakongwe wamekula chumvi nyingi, wakapumzike. Wenye watoto wakawatazama wasio na watoto. Hata siasa iliingia: waliokipigia kura chama tawala waliambiwa deni ni lao, wakalilipe wao. Kukunja shuka kunataka watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, na tulifika mahali watu wanakunja shuka moja bila kutazamana.

Aliyevunja ukimya ni Mzee wa Boila, yule anayetuchemshia maji. Alizima mashine zote, akauliza kwa nini, badala ya watu sita kufanya kazi siku sita, sisi tisa tusifanye siku nne. Mishahara itabaki ile ile ya watu sita, tutaigawana tisa. Kila mtu ataumia, akasema, lakini hakuna atakayezama. Kisha akapanda ghorofani kwa katibu wa hospitali, akamwambia kwamba wito wa kufunga mikanda tumeusikia, ila juu nako kuna viuno. Nasikia katibu alicheka mpaka akavua miwani. Wiki ile ile daktari mkuu alirudisha gari la ofisi na posho yake, na sasa tunakutana naye getini akija kwa miguu, viatu vina vumbi kama vyetu.

Katibu alikubali siku nne kwa sharti kwamba wote tisa turidhie. Akikataa hata mmoja, yeye anarudi kwenye orodha yake ya watatu wa kuondoka. Tukapiga kura kwa vifungo vinavyodondoka kwenye nguo za wagonjwa, cheupe ndiyo, cheusi hapana, kila mtu akitumbukiza chake kwenye kopo la sabuni huku amefumba ngumi. Kopo likamwagwa mezani. Vyeupe vinane, cheusi kimoja.

Macho yote yakamwelekea Bi Pasi. Huyu ni mama mpiga pasi, ana miaka ishirini na sita pale, mkali kama pilipili, hasalimii mtu kabla ya saa nne. Kila mmoja aliamini kwamba kwa ukongwe wake yeye haguswi. Baba Pacha, ambaye mkewe alikuwa amejifungua mapacha wiki tatu tu kabla ya hapo, alimuuliza, "Mama, tumekukosea nini?"

Bi Pasi alisimamisha pasi yake, akasema, "Cheusi ni changu. Mkono uliteleza. Rudieni."

Tukarudia, vikatoka vyeupe tisa. Baba Pacha alilia, Mzee wa Boila akawasha mashine.

Sasa kaa chini, dada. Kile kifungo cheusi kilikuwa changu.

Siku mbili kabla ya kura nilipeleka makoti ofisini kwa katibu, nikaiona orodha mezani. Jina langu halikuwemo. La kwanza kabisa lilikuwa la Bi Pasi. Nikajua kwamba mpango wa siku nne ukivunjika, mshahara wangu unabaki mzima. Nilijiambia kwamba nafanya vile kwa ajili yako na ada za watoto wako ninazokutumia, na hapo ndipo panaponiuma. Nilikuweka mbele yangu kama ngao, wewe uliyekuwa ukinimegea nusu ya kila ulichopata.

Nilikaa na siri ile wiki nzima. Mwisho nilimfuata Bi Pasi mezani kwake nikamweleza yote, hata habari ya orodha. Aliendelea kunyoosha shati mpaka akamaliza kola. Akasema hakujua ni nani, alijua tu ni mmoja wetu, na kwamba mtu hawezi kugeuza moyo huku amekodolewa macho. "Mimi kutazamwa vibaya nimezoea," akasema. "Wewe ungebanwa pale ungekaza shingo, na mapacha wa mwenzio wangekula nini?"

Basi niliwaeleza wote. Mzee wa Boila aliniuliza mara ya pili niliweka kifungo gani. Nikasema cheupe. Akasema basi hicho ndicho kilichohesabiwa. Baba Pacha kwa siku kadhaa alinipita kama upepo. Kisha Jumamosi, ambayo sasa hatuendi kazini, alikuja kunichukua, akanipeleka kwake, akanibebesha pacha mmoja, akaenda kuchota maji akaniacha naye. Nilikaa pale nisithubutu hata kupiga chafya.

Kwa hiyo, dada, ninachokutumia kitapungua kwa theluthi. Nakuomba radhi kwanza kwa kujificha nyuma yako, halafu ndipo kwa hizo pesa. Ukiwa na hasira niandikie na hasira yako hivyo hivyo, nitaisoma yote. Nibusie watoto, na shemeji mwambie aendelee na mazoezi ya mguu hata akichoka. Mimi kila nikiamka kwenda kazini namshukuru Mungu kwamba kopo lile lilimwagwa mara mbili.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa mama