Yatima wa Mjomba

Kaka yangu Kosma,

Sijui kama huko gerezani wanakupa barua au wanazichana. Hii nimeiandika wazi ili hata wasiotujua waisome, maana wanakuita mnyama, na siku nyingine nami nakuita hivyohivyo.

Unakumbuka tukishuka kutoka kwa mama, juu Matombo, mikungu ya ndizi kichwani, lori la baba likatupita na kuturushia tope? Mbele alikaa Festo, mtoto wa shangazi, kavaa soksi nyeupe za shule ya bweni. Uliokota jiwe, nikakushika mkono. "Niache, nakipasua kioo kile!" ulisema huku unalia.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mali ya mwanamume huwaendea watoto wa dada zake. Wengi siku hizi wameiacha mila hiyo, baba akaing'ang'ania. Wa kutusomesha sisi alikuwa mjomba, naye tulimzika ukiwa darasa la tatu. Tukabaki yatima wa mjomba, huku baba yu hai, ana lori na nyumba ya matofali kule barabarani. Tukasoma shule ya kata, kwa koroboi, njaa ikituuma.

Kisha chuo kimoja cha mjini kikatangaza kwamba mtoto wa maskini ataongezewa alama. Ulinibeba mgongoni kwa furaha mpaka kisimani. Kanuni ile siichukii hata leo. Aliyefaulu kwa njaa hapimwi sawa na aliyefaulu kwa shibe. Lakini kwenye usaili walikuuliza baba yako ana nini, ukasema kweli. Wakamuuliza Festo, naye akasema kweli: baba yake ni mlevi asiye na hata jembe. Ulikuwa umempita kwa alama. Wakamwongezea, akakupita, na nafasi akapata yeye.

Baba akamchinjia mbuzi. Uliingia uani watu wakila, umeshika panga la kukatia mikungu, hukumsalimia mtu. Festo aliinua mkono wa kulia kujikinga, na mkono ukabaki kwenye majani ya mgomba tuliyotandika kuwekea nyama. Damu ilinirukia mdomoni. Ladha yake ninayo. Wanaume wakakushukia kwa mipini ya majembe. Baba akakupiga teke la meno, huku akipiga kelele, "Umeniua! Umeniulia mwanangu!" Mwanawe alikuwa wewe, kaka. Mama alikulalia juu ndipo wakaacha. Mimi nilitamani wakumalize, na papo hapo nilitamani kuwachinja wote.

Majirani wanasema hasira hasara. Waseme. Hakuna hata mmoja wao aliyetupa daftari.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu ya usaili, chuo kilekile. Festo, ambaye bado anasoma chuoni pale, alinipeleka hadi mlangoni. Ndani mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Binti, baba yako ana lori. Tukuongezee alama kwa lipi?"

"Lori si letu, mama. Kwetu wa kutusomesha ni mjomba, na mjomba alikufa."

"Mila zenu hatuwezi kuzipima," akadakia mzee wa pembeni. Nilikiangalia kiti nilichokalia, nikaona kingemtosha kichwani. Hapo nilikuelewa, na nikajiogopa.

Mlango ukafunguliwa. Festo aliingia bila kuitwa. "Shikamooni. Lile lori lilinisomesha mimi," akasema. "Yeye na kaka yake liliwarushia tope tu." Akainua kigutu chake.

"Nani alikukata?" yule mama akauliza.

"Kaka yake."

Wakakitazama, kisha yule mama akaniandikia alama za nyongeza. Nafasi nimepata, kaka.

Nimemshukuru Festo, na sijui nikushukuru au nikulaani wewe. Anaandika kwa kushoto, polepole, na bado anaota panga. Ungeyasema wewe maneno yale siku ya usaili wako, pengine leo ungekuwa mwalimu naye angekuwa mzima. Lakini wewe ulikuwa na mdomo tu, kama mimi. Usiku huwa najiuliza kama wangemsikiliza hata yeye, lau angeingia na mikono yote miwili.

Kula, na usipigane huko. Mama anakuombea, mimi bado sijaweza.

Mdogo wako, binti wa mwenye lori