Namsomea Mama Mkwe Yasiyoandikwa

Nshamba, Bukoba
Novemba 1932

Kwa Bwana Mshauri wa gazeti,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mimi ni mwanamke kijana, mwenye mtoto mmoja wa kiume ambaye sasa anaanza kutembea, na shule nilisoma miaka mitatu tu kwa wamisionari, kwa hiyo unisamehe mwandiko wangu, lakini jambo nililo nalo siwezi kumwambia mtu wa hapa kwa mdomo, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua uso.

Mume wangu anaitwa Buberwa. Alikuwa mpima kahawa katika duka la Bwana Umedbhai hapa Nshamba kwa miaka minne, na watu walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kuchezea mizani, nasi tulikaa vizuri. Kisha bei ya kahawa ikaanguka, ikaanguka tena, hata watu wengine wakaiacha ikaukie mitini, na siku moja Bwana Umedbhai akamwita akamwambia, "Kahawa iko, Buberwa. Mnunuzi hapana. Mimi mwenyewe nakaa bure." Hakumfukuza kwa ubaya, hata alimpa kitambaa cha kumfunika mtoto maana alikuwa amezaliwa juzi, lakini kazi iliisha siku ile. Buberwa akaenda Bukoba mjini akazunguka maghala yote, akaenda misheni, akaenda kwa Mzungu wa barabara, na kila mahali akakuta wenzake wametangulia, wamekaa chini wanangoja. Ndipo akasema atapanda meli aende Kampala, kwa kuwa Wahaya wengi wako huko, na akaondoka mwezi wa Januari.

Mimi nilibaki kwenye kibanja chao, shamba la migomba na kahawa, pamoja na mama yake, Ma Kokugonza, ambaye ni mjane, na mdogo wake Buberwa anayeitwa Rugemalira, yeye anapasua mbao kwa fundi mmoja hapa karibu. Mama mkwe hanitesi, naomba ulijue hilo, ananipenda na mtoto humbeba yeye kuliko mimi. Lakini yeye na Rugemalira hawajui kusoma, na Buberwa huandika kwa Kiswahili kama alivyofundishwa shuleni, na mama hajui ila Kihaya. Basi barua ikija mimi naisoma moyoni kwanza, halafu nasema kwa Kihaya, na hapo ndipo nilipopotea.

Barua ya kwanza ilifika wakati wa Pasaka. Mwalimu wa kanisa alinipa baada ya ibada, na tulipofika nyumbani majirani wakatufuata, mama akatoa kahawa ya kutafuna akawapitishia wageni, kila mtu akakaa anatazama mdomo wangu. Mimi nikasoma moyoni. Buberwa aliandika kwamba amekwenda mahali kumi na moja na kote amekataliwa, na analala kwa Mhaya mmoja ambaye naye hana kitu. Nikainua macho nikamwona mama anavyonitazama, mikono yake ameiweka magotini kama mtu anayengoja kupokea kitu, na neno likanitoka, nikasema, "Anasema amepata kazi."

Bwana Mshauri, mimi nilifikiri nimesema mapema tu. Mtu aliyeshika mizani miaka minne, anayejua kuandika, na Kampala ni kubwa vile, hautapita mwezi bila kupata, na barua ya pili ikija neno langu litakuwa kweli na hakuna atakayeumia.

Barua ya pili ikaja mwezi wa Juni, ikasema amechimba mtaro siku tatu kisha wakaambiwa inatosha, na viatu ameviuza. Wageni walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Mama akauliza ni kazi gani, nikasema anapima pamba kwenye ghala. Akauliza, "Anavaa viatu kazini?" Nikasema anavaa. Tangu hapo mama amekuwa mtu mwingine, analima huku anaimba, kanisani alisimama akatoa shukrani mbele ya watu wote, na jirani yetu Clotilda, ambaye mwanawe alirudi kutoka huko huko Kampala mikono mitupu, mama humtania njiani anamwambia, "Wa kwako alikwenda kutembea, mwenzangu. Wa kwangu alikwenda kazini." Clotilda hucheka lakini si kicheko cha kufurahi, nami nikiwa hapo huinama namfunga mtoto nguo ambayo haikufunguka.

Sasa barua ya tatu, ya Septemba, ndiyo iliyonivunja. Nakuandikia maneno yake kama yalivyo. "Mke wangu, nimechoka. Hapa tumejaa, mtu akiacha kazi asubuhi, ishirini wamesimama mlangoni. Ndizi za hapa zinapikwa kama za kwetu lakini si za kwetu. Mwulize mama kwa ajili yangu. Nikirudi bila kitu, atanipokea? Akisema ndiyo, nitarudi kwa meli ya kwanza, ipo nauli niliyoificha siigusi hata nikilala njaa. Asiposema, sitarudi kumwaibisha."

Nilipomaliza kusoma moyoni mama akasema, "Haya, anasemaje?" Nami nikasema anakusalimu sana. Ningesemaje tena? Ningesema mwanao mpima pamba anauliza kama utampokea bila kitu? Mama akafurahi akasema niandike jibu, nimwambie Buberwa amwite na mdogo wake, kwa kuwa penye kazi ya mmoja hapakosi ya wawili. Hayo sikuyaandika. Niliandika, "Mama anakusalimu sana," nikaweka habari za mtoto na za migomba, nikafunga barua.

Jumapili iliyopita ikaja ya nne, fupi. Anasema, "Nimeona mama hakujibu. Nimeelewa, wala simlaumu." Anasema kuna watu wanaandikisha vijana kwenda Kenya kwenye mashamba ya Wazungu, mkataba wa miaka miwili, naye ataandika jina lake baada ya Krismasi. Miaka miwili, Bwana Mshauri. Mama yake hakuulizwa kitu, na yeye anakaa huko akijua amekataliwa na mama yake.

Na Rugemalira naye amekwisha kumwambia fundi wake kwamba mwisho wa mwezi huu anaacha mbao anamfuata kaka yake kazini Kampala. Fundi amemjibu aende salama, wanaoitaka nafasi yake wapo pale nje kila asubuhi.

Mimi nimefikiri hivi. Nimwandikie Buberwa, "Mama anasema rudi." Nisimwulize mama. Buberwa atakuja, mama akimwona mlangoni atasahau mambo ya pamba, kwa maana hakuna mama anayemfukuza mwanawe akimwona kwa macho, na mimi nitamwambia Buberwa njiani kabla hajafika, tutapatana la kusema. Naona ni njia nzuri lakini kila nikishika kalamu mkono hautaki. Je, ni dhambi? Nikisema kweli naogopa nitarudishwa kwa baba yangu Ijuganyondo, na mtoto ni wa ukoo wao, atabaki.

Nataka arudi. Sitaki viatu wala kanga. Alikuwa ananisaidia kumenya ndizi, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawafanyi, tena alifunga mlango kwanza asionwe, na akimenya vibaya anasema ndizi yenyewe imezaliwa hivyo. Sasa namenya peke yangu. Senene, panzi wetu wa kuliwa, wameanza kushuka wiki hii, wanawake wote wanakusanya kwa ajili ya waume zao, nami nimekusanya wa kwangu, nimewakausha nimewafunga kwenye jani la mgomba nimewaweka juu ya dari. Mtoto akimwona mwanamume yeyote mwenye kofia humwita tata, yaani baba. Naamini Mungu ataifungua njia, lakini nionyeshe upande wa kuanzia.

Ni mimi,
Mama Ndyamukama

*

JIBU

Mama Ndyamukama, gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi, na wewe huna mwezi wa kungoja. Kwa hiyo jibu hili nimelituma kwako kwa posta kwanza, na hapa tunalichapa kwa faida ya wengine, majina yote tukiwa tumeyabadili.

Umeuliza kama kuandika "Mama anasema rudi" ni dhambi. Binti yangu, mkono wako umekwisha kukujibu, mbona unaniuliza mimi? Mkono huo una akili, usiulazimishe.

Ile siku ya Pasaka nakuelewa. Nyumba imejaa watu, mama amekutazama, nawe ni mtoto wa watu huna miaka mingi ya ndoa. Wengi wangeteleza pale. Lakini baada ya hapo hukuteleza tena, ulitembea kwa miguu yako. Mwanamume mzima amemeza aibu yake yote akamwuliza mama yake swali moja, na wewe ukalikalia. Ulimnyima Buberwa jibu, na mama ukamnyima nafasi ya kuwa mama. Labda angesema ndiyo siku ile ile, na leo mumeo angekuwa hapo amefunga mlango anamenya ndizi. Hilo sikwambii ili ulie, nakwambia ili uone kwamba huo uongo unaouogopa kuutoa umekwisha kukugharimu miezi miwili ya mumeo.

Wala usidhani siri yako ni ya ndani sana. Mwana wa Clotilda ametoka Kampala. Wahaya huko wanajuana, wanalala pamoja na wanaomba kazi katika milango ile ile. Unafikiri hakumwona Buberwa bila viatu? Mimi naona amemwona, na mama yake anajua, na kila anapotaniwa njiani anakaza meno ili asimwaibishe mama mkwe wako. Huyo ni jirani wa kumshukuru. Lakini uvumilivu wa mtu una mwisho, na afadhali Ma Kokugonza alisikie neno hili kwako, nyumbani kwake, kuliko kulisikia kisimani.

Na huo mpango wako, hebu ufuate mpaka mwisho. Buberwa anashuka melini akiamini ameitwa na mama yake. Mama anatoka mlangoni akitazamia karani wa pamba. Wewe umesimama katikati na mtoto mgongoni, unamkonyeza huyu, unamnyamazisha yule. Utaishi hivyo miaka mingapi?

Basi fanya hivi. Leo, kabla ya mengine yote, mwambie Rugemalira peke yake. Arudi kwa fundi wake amwombe amsamehe, aseme safari imekufa. Katika siku hizi mtu mwenye kazi ya kupasua mbao asiiache kwa ajili ya barua, hata ingekuwa barua ya kweli. Atakukasirikia. Mwache akasirike, lakini awe ameshika msumeno.

Halafu chagua siku isiyo na wageni, wala usipitishe kahawa. Kaa na mama na barua zote nne, anza na ya Pasaka, umwambie neno kwa neno kwa Kihaya, usipunguze na usiongeze, hata mahali panapokuchoma. Usijitetee katikati. Akilia, ngoja. Akikutukana, ngoja pia. Ukimaliza ya nne, piga magoti umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe, wala usimtume mwalimu wala mzee wa kanisa akusemee, maana umekwisha kuona hasara ya mtu kumsemea mwenziwe. Ama kurudishwa Ijuganyondo, sitakudanganya kwamba haiwezekani. Lakini mama anayembeba mjukuu kuliko mama yake mtoto, sioni akimfukuza nyumbani aliyemzaa mjukuu huyo. Na akikasirika hata akasema uende, hapo ndipo umwendee mwalimu wa kanisa aje kuwapatanisha, si kabla.

Kisha shika kalamu, umwulize mama swali la mwanawe kama alivyoliuliza yeye: akirudi bila kitu, atampokea? Na uandike atakachosema, hata kikiwa kikali. Chini yake weka maneno yako mwenyewe, umweleze mumeo kwamba mwezi wa Septemba mama hakunyamaza, bali hakuulizwa. Umwambie ni wewe. Barua hiyo usiitie katika mfuko wa kanisa ingoje Jumapili; Rugemalira amwombe fundi siku nne, aifikishe Bukoba kwa miguu ile ile aliyokwisha kuiandaa kwa safari.

Nanyi akina mama wengine mnaosomewa gazeti hili, mnisikilize. Mwaka huu napokea barua kutoka Kashai, kutoka Muleba, kutoka ng'ambo ya ziwa, na zote zinasema jambo moja: kazi hakuna. Aliyerudi mikono mitupu hakutembea. Alitafuta asipate, kama walivyokosa wenye elimu kumzidi. Kibanja kinahitaji mikono, hata iwe mitupu. Msiwatanie wenzenu njiani, maana wana wenu wanasikia hata wakiwa mbali, na wanaogopa kurudi.

Mama Ndyamukama, barua hii ikifika mwalimu atakukabidhi mbele ya mama mkwe wako. Ataiona mkononi mwako, atajua kwa bahasha yetu kwamba haitoki kwa Buberwa, na atakuuliza ni ya nani na inasema nini. Hutakuwa na nafasi ya kuchagua siku wala ya kumtanguliza Rugemalira, na pengine ni heri. Waambie wageni waende, kaeni chini, na umsomee hii kwanza.